Je, wajua kwa nini malakwang na odii hufaa zaidi vikiliwa pamoja?

Ukila chakula cha mchana Gulu, kaskazini mwa Uganda, huenda ukapakuliwa malakwang, yale majani machachu, yakiwa yameungwa kwa odii, na viazi vitamu pembeni. Odii ni simsim (ufuta) na karanga zilizokaangwa, zikasagwa hadi zikatoa mafuta na kuwa rojo zito. Watu huipenda kwa utamu wake, na hiyo ni sababu tosha. Lakini humo sahanini antioksidanti za mimea, yaani kemikali zinazokinga seli zisiharibiwe, zinasaidiana kwa namna ya kustaajabisha.

Mwili unapotumia oksijeni kupata nguvu, huzalisha pia radikali huru, yaani molekuli zilizopungukiwa elektroni. Hizo hunyang'anya elektroni popote zinapoikuta: kwenye mafuta ya utando wa seli, kwenye protini, hata kwenye DNA. Aliyenyang'anywa naye humgeukia jirani yake, na madhara yanaenea. Antioksidanti hutoa elektroni yake kwa hiari bila kugeuka mharibifu mkubwa, na mlolongo hukatika hapo.

Je, ikishatoa, inabaki na nini? Hapa ndipo penye utamu wa habari hii. Vitamini E huyeyuka katika mafuta, kwa hiyo hukaa ndani ya utando wa seli. Ikishaituliza radikali moja, nguvu yake imekwisha. Vitamini C huyeyuka katika maji, na pale utando unapogusana na maji huipa vitamini E elektroni, nayo ikarudi kazini. Vitamini C yenyewe hurejeshewa nguvu na glutathioni, ambayo mwili hujitengenezea. Ni mbio za kupokezana kijiti. Wazo hili lilitolewa miaka ya 1960, na mwaka 1979 Packer, Slater na Willson walichapisha katika jarida la Nature vipimo vilivyoonyesha radikali ya vitamini E ikitoweka huku ya vitamini C ikijitokeza.

Sasa itazame odii. Simsim ina vitamini E, na ina pia sesamini na sesamolini, kemikali zake za asili. Simsim ikikaangwa, sehemu ya sesamolini huvunjika na kuwa sesamoli, antioksidanti yenye nguvu inayosaidia mafuta ya simsim yasiharibike upesi. Sesamini nayo hulipunguzia ini kasi ya kuivunja vitamini E, hivyo ikadumu zaidi katika damu. Kwa hiyo yule mama anayekaanga simsim kabla ya kuisaga haongezi harufu peke yake. Tena mafuta ya odii huusaidia utumbo kufyonza beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, ya majani na ya viazi vya rangi ya chungwa. Bila mafuta, nyingi hupita tu na kutoka.

Je, mtu akimeza beta-karotini peke yake kwa wingi? Nchini Finland wanaume wavutaji sigara 29,133 walishiriki katika utafiti, baadhi yao wakipewa miligramu 20 za beta-karotini kila siku. Matokeo yalitoka mwaka 1994: waliopewa beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi, kwa asilimia 18. Maelezo mojawapo ni kwamba katika mapafu yaliyojaa moshi, beta-karotini nyingi huharibika na kuzaa kemikali zenye madhara, na antioksidanti wenzake wa kuizuia isiharibike hivyo ni wachache. Mvutaji sigara asinunue vidonge hivyo akidhani vitamkinga.

Sahani ya malakwang ina upungufu mmoja. Majani huchemshwa, na maji ya kwanza humwagwa ili kupunguza uchachu. Vitamini C haivumilii moto, na nyingi ya inayosalia huondoka na maji hayo. Kwa hiyo mla malakwang na ale pia tunda bichi, papai au chungwa la Teso, mashariki mwa Uganda, katika mlo uleule, vitamini C ipate kukutana mwilini na vitamini E ya odii.