Kipande cha nyama kikifa, si kwamba mwili umekikataa

Mtu akiondolewa uvimbe wa saratani kwenye taya, au akikatwa ziwa, au ajali ikimla nyama ya mguu hadi mfupa ukabaki wazi, daktari wa upasuaji wa kurekebisha anaweza kuchukua ngozi, nyama na hata mfupa kutoka sehemu nyingine ya mwili wa mtu huyohuyo, akaziba pengo. Mara nyingi hufanikiwa. Kwenye vituo vyenye uzoefu, zaidi ya asilimia 95 ya vipande hivyo hupona. Vichache hufa, na hapo ndipo inapokuja kauli ninayoisikia kila mara kwa ndugu wa wagonjwa, na siku hizi hata kwa watu wa afya wanaotaka kufupisha maelezo: "Mwili umekikataa."

Haukukikataa. Kilikosa damu.

Dhana ya kufuatilia mtiririko wa damu haina ugumu. Kipande kinachohamishwa kwa namna hii, wenyewe hukiita flapu huru, hukatwa kabisa kutoka kilipokuwa pamoja na ateri inayokiletea damu na vena inayoirudisha. Kisha mishipa hiyo miwili huunganishwa chini ya hadubini na mishipa ya mahali papya. Tunazungumzia mishipa yenye upana wa milimita 1 hadi 3, na uzi mwembamba kuliko unywele. Kufuatilia mtiririko wa damu ni kukikagua kipande hicho mara kwa mara baada ya upasuaji ili kujua kama damu bado inaingia na bado inatoka. Kwa kawaida hukaguliwa kila saa katika siku ya kwanza, kisha vipindi hurefushwa kadiri siku zinavyokwenda. Maana ya neno inaishia hapo.

Sasa turudi kwenye kukataliwa. Kinga ya mwili hukataa kilicho kigeni: figo ya mtu mwingine, ini la mtu mwingine, ngozi ya mtu mwingine. Joseph Murray, daktari wa upasuaji wa kurekebisha huko Marekani, aliwahudumia askari walioungua wakati wa Vita Kuu ya Pili, akaona jinsi ngozi iliyotoka kwa mtu mwingine inavyokaa kwa muda kisha ikaharibika. Mwaka 1954, mjini Boston, aliongoza upandikizaji wa figo kati ya ndugu wawili pacha wa kufanana. Kabla ya kugusa figo, madaktari waliwabadilishia pacha hao vipande vidogo vya ngozi kwanza. Ngozi ilishika. Hapo wakajua kwamba kinga ya mmoja haioni tofauti kati yake na mwenzake, na figo ile ikafanya kazi. Kazi hiyo ilimpa Murray Tuzo ya Nobel mwaka 1990.

Ikiwa mwili unaweza kuipokea figo ya pacha, utaikataaje nyama ya paja lako mwenyewe? Kinga haina ugomvi nayo. Ndiyo maana mgonjwa wa flapu hapewi dawa za kupunguza kinga kama anazopewa mtu wa figo.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu neno huamua mwendo wa watu. Kukataliwa, kwa kawaida, ni jambo la siku na wiki, na hutibiwa kwa dawa. Anayedhani kipande "kinajaribu kukubaliwa" atasubiri: tuone kesho, tuombe, mwili utaamua. Wakati huohuo ndani ya mshipa kuna donge la damu, na nyama inakufa kwa saa. Msuli ni dhaifu zaidi kuliko ngozi, hauvumilii saa nyingi bila damu. Na kipande kikikaa muda mrefu mno, mishipa midogo ya ndani huvimba na kuziba kiasi kwamba hata donge likiondolewa damu haipiti tena. Migando mingi hutokea ndani ya siku 2 hadi 3 za mwanzo. Ikigundulika mapema, mgonjwa hurudishwa chumba cha upasuaji, mshipa unafunguliwa, donge linatolewa, unashonwa upya, na vipande vingi huokoka hivyo. Muuguzi anayemwamsha mgonjwa saa nane ya usiku kukitazama kipande hamsumbui. Ndiye anayekilinda.

Kosa la pili ni dogo zaidi lakini ni ndugu wa la kwanza: kudhani kwamba kipande chenye damu ni kipande chenye mtiririko. Tazama mkono wa muuguzi anapokagua. Anabonyeza ngozi kwa kidole hadi inapauka, anaachia, anahesabu. Rangi ikirudi baada ya sekunde 2 hivi, vizuri. Ikichelewa, na kipande kikawa baridi, kilegevu na kimepauka, ateri imeziba, damu haiingii. Lakini rangi ikirudi papo hapo, kabla hajamaliza kuhesabu moja, hiyo si afya. Vena imeziba. Damu inaendelea kusukumwa ndani na haina pa kutokea, kama shamba la mpunga lililofungwa mfereji wa kutolea maji. Kipande kinavimba, kinakaza, kinageuka rangi ya zambarau. Ukikichoma kwa sindano, damu inatoka haraka, nyeusi. Kipande chenye afya hutoa damu nyekundu ya kung'aa, tena kwa utulivu. Kile ambacho ateri yake imeziba hakitoi kitu. Kuziba kwa vena ndiko kunakotokea zaidi, na ndiko kunakowapumbaza watu, maana kipande kinaonekana "kimejaa damu".

Rangi nayo ina mipaka yake. Kwenye ngozi nyeusi, weupe na uzambarau havionekani kwa urahisi kama maelezo mengi yanavyodhania, na maelezo mengi yaliandikwa na watu waliokuwa wakitazama ngozi nyeupe. Hapo joto, ugumu wa kipande na tone la sindano huwa na uzito zaidi. Kipande kilichozikwa ndani, kwa mfano kooni, hakionekani kabisa.

Kwa hiyo kuna vifaa. Dopla ya mkononi, kifaa cha mawimbi ya sauti, husikilizisha mshipa: ateri inapiga shu, shu, shu kufuata moyo, vena inavuma kama upepo. Daktari mara nyingi huacha uzi mmoja wa alama juu ya ngozi ili kila muuguzi aweke kifaa mahali palepale, kwa sababu ukikisogeza kidogo unaweza kuusikia mshipa wa jirani, ukadhani kipande kiko salama. Kuna dopla ndogo inayofungwa kwenye vena yenyewe wakati wa upasuaji. Kuna vifaa vya mwanga vinavyopima oksijeni ndani ya tishu bila kukata. Kuna hata mrija mwembamba unaochota majimaji ya tishu: sukari ikishuka na laktati, kemikali inayoongezeka tishu ikikosa oksijeni, ikapanda, kipande kinakosa hewa. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachopima kukataliwa. Vyote vinauliza swali moja, kama damu inapita.

Kukataliwa halisi kupo katika upasuaji wa kurekebisha, ila pale tu tishu inapotoka kwa mtu mwingine. Upandikizaji wa kwanza wa sehemu ya uso ulifanyika Amiens, Ufaransa, mwaka 2005. Mgonjwa aliwekewa pia kipande cha ngozi ya mkono wa mtoaji chini ya titi, ili madaktari waweze kuchukua sampuli kutoka hapo na kuchunguza dalili za kukataliwa bila kuugusa uso. Huo ni ufuatiliaji wa kinga. Mgonjwa wa namna hiyo anahitaji wa aina zote mbili. Aliyehamishiwa nyama yake mwenyewe anahitaji ule wa damu tu.

Basi ukimweleza mtu kilichotokea, sema kipande kilikosa damu, na kama unajua, sema mshipa upi uliziba. Na kama ndugu yako bado yuko wodini, ukaona kipande kimevimba, kimekuwa baridi au kimebadilika rangi kuliko kilivyokuwa saa iliyopita, usingoje mwili uamue. Mwite muuguzi wakati huohuo.