Je, wajua kwa nini ukoo wa Mazrui haukupotea baada ya kung'olewa Ngomeni, yaani katika Fort Jesus ya Mombasa?

Tangu miaka ya 1730 hadi mwaka 1837, maliwali wa Mombasa walitoka katika ukoo wa Mazrui, Waarabu wa Omani waliotumwa pwani na maimamu wa nasaba ya Yaarubi baada ya Wareno kuondoshwa. Omani ilipoingia mikononi mwa nasaba ya Busaidi katika miaka ya 1740, Muhammad bin Uthman Mazrui alikataa kumtii Imamu mpya, Ahmad bin Said, kwa hoja kwamba huyo naye alikuwa liwali tu kama yeye. Wakaja watu waliojidai wamekosana na Imamu, wakapokewa Ngomeni kama wageni, kisha wakamwua mwenyeji wao. Nduguye Ali, aliyekuwa amefungwa humo humo, alitoroka, akakusanya watu wa mji na kuitwaa tena ngome.

Nguvu ya ukoo huo ilitoka mjini kuliko Omani. Thelatha Taifa na Tisa Taifa, yaani Miji Kumi na Miwili ya Waswahili wa Mombasa, walipowaunga mkono, Wamazrui walitawala. Mji ulipofarakana, na jamaa wenyewe wakagombea uliwali baada ya Salim bin Ahmad kufariki mwaka 1835, Seyyid Said, mtawala wa Kibusaidi wa Omani na Zanzibar, ambaye merikebu na mizinga yake haikuwa imemaliza kazi, alipata njia. Mwaka 1837 wakubwa wa ukoo waliitwa barazani, wakakamatwa na kupelekwa gerezani Bandar Abbas, Uajemi.

Waliosalia walihamia Takaungu na Gasi, miji ya pwani kaskazini na kusini mwa Mombasa, ambako baadhi yao waliendelea kushika silaha. Mbaruk bin Rashid wa Gasi aliwapiga vita Waingereza mwaka 1895, akashindwa mwaka uliofuata, akakimbilia upande wa Wajerumani.

Kilichodumu, kwa maoni yangu, ni elimu, kwa sababu haikuhitaji ngome wala ridhaa ya sultani. Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui, aliyesoma Makka, alifungwa na Sultani Barghash wa Zanzibar na kuachiliwa baada ya Barghash kufariki mwaka 1888, lakini darasa lake halikufa. Mwanawe, Sheikh Al-Amin, alianzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932, kisha akawa Kadhi Mkuu wa Kenya chini ya Waingereza wale wale waliomshinda Mbaruk. Mwana wa Al-Amin, Profesa Ali Mazrui, alifundisha siasa Makerere, na baadaye Marekani.