Makali ya kiwandani na visu visivyopata

"Fundi, hiki usikiguse, bado kina makali ya kiwandani."

Hapa kibarazani kwangu ninaponoa visu, Darajani, Unguja, maneno haya nayasikia karibu kila wiki. Na anayeyasema, mara nyingi, mkononi kashika kisu kisichopata hata ganda la chungwa. Kapewa na mgeni wa hoteli, au kaletewa na nduguye aliyeko Maskati, basi anataka nimkazie msumari wa mpini tu. Makali niyaache vile vile, ati nikiyagusa hayarudi tena.

Nimechoka kujibu kwa mdomo. Kisu cha kukunja kinapotoka kiwandani kimetiwa makali ya kukiwezesha kuuzika, basi. Viwanda vingi, viwe vya Solingen, Sheffield au Yangjiang kule China, vinanolea kwa mkanda wa msasa unaozungushwa na mota. Mfanyakazi anashika bapa, anapitisha upande huu, anapitisha upande wa pili, anachukua jengine. Ni kazi ya sekunde chache. Ndiyo ukavikuta visu viwili vya aina moja, vya katoni moja, kimoja kinakata na chenziwe kinachubua. Hebu kitizame chako kwenye mwanga: upande mmoja wa ukingo ni mpana kuliko wa pili, na pale karibu na mpini, ambapo mkanda haufiki vizuri, pamebaki butu kabisa. Viwanda vikubwa vimeshaingiza mashine zinazoshika pembe moja, na huko usawa ni mzuri zaidi. Lakini mashine nayo inafuata pembe iliyopangiwa, na pembe yenyewe ndiyo tatizo la pili.

Kiwanda hakijui kisu kitaangukia mikono ya nani. Huenda mnunuzi atamenya matunda, huenda atafungulia kopo la rangi. Ukingo mwembamba ukitiwa kwenye kopo unamomonyoka, na kisu kinarudishwa dukani. Kwa hivyo kiwanda kinajihami kwa kuuacha ukingo mnene, mara nyingi nyuzi 20 kila upande au hata zaidi. Nahodha anayekata mishipi, au muuza machungwa anayemenya chungwa zima bila ganda kukatika, hana haja na unene huo. Nyuzi 15 kila upande zinamtosha, maadamu chuma ni cha maana. Ukiyasikia ni mambo madogo, lakini mkono unayajua papo hapo.

Halafu kuna ule uzi wa chuma. Ukinoa upande mmoja, chuma chembamba cha ukingoni kinajikunja kuelekea upande wa pili. Pitisha kidole kutoka mgongoni kwenda nje, utakisikia kinakwaruza. Fundi mtulivu anauondoa kidogo kidogo kwa kulegeza mkono, halafu anamalizia kwenye ngozi. Kiwandani unasuguliwa haraka haraka kwenye gurudumu la kitambaa, na mara nyingine unabaki. Hapo ndipo watu wanapodanganyika. Uzi ukiwa umesimama wima, kisu kipya kinapasua karatasi bila sauti na mwenyewe anashangilia. Akikata kamba mara chache, uzi unalala au unakatika, na kisu kinageuka kidugi. Sasa anakuja kwangu na hukumu yake: "Chuma chake kibovu hiki." Chuma hakina kosa lolote, bwana. Kilichokuwa kikikata siku ile hakikuwa ukingo wenyewe.

Na joto. Mkanda mkavu unaokwenda kasi unapasha chuma, na pembamba ndipo panaposhika moto kwanza. Chuma cha kisu kinapata ugumu wake kwa kuchomwa na kupozwa, kisha kupashwa tena kwa kipimo. Kipashe kupita kipimo hicho, kinalainika. Kinacholainika ni kile kiukingo chembamba mno, jicho halikioni, lakini ndicho kinachokata. Kwa sababu hii wapo wateja wanaoniambia kisu kimeanza kushika makali vizuri baada ya kunolewa mara ya pili au ya tatu kwa jiwe lenye maji. Ndivyo itakavyokuwa, kwani chuma kilichoungua kimeshaliwa. Anayekikinga kisu chake na kinoo, hicho kilichoungua ndicho anachokitunza.

Sisemi kila kisu kinatoka butu. Mora za Sweden zinasifika kwa makali tangu dukani, na Opinel ya Ufaransa na Victorinox ya Uswisi si haba. Ila hao Victorinox wenyewe wanakipa chuma cha visu vyao vya mfukoni ugumu wa takriban 56 kwa kipimo cha Rockwell, ambao mtu wa kawaida anaweza kuunoa nyumbani kwa jiwe la bei rahisi, tena wanauza na vinoo vya mfukoni. Makali ya kiwandani yangekuwa ndiyo mwisho, vinoo hivyo wangemuuzia nani?

Ushauri wangu, na huu nautoa hata nisipoulizwa: paka ukingo wino wa kalamu ya maka, upitishe mara mbili kwenye jiwe la namba 1000 (namba ni ya ulaini wa chembe za jiwe), halafu utizame. Wino ukifutika kwa juu tu, upande wa bapa, umekilaza kisu mno na ukingo hujaufikia. Ukifutika kwenye ncha ya ukingo tu, umekiinua mno. Rekebisha mkono mpaka wino utoke wote. Hakuna kifaa cha kununua kitakachokufundisha haraka kuliko hivyo.

Yaliyobaki ni mepesi. Kuna wanaosema kisu kikali ni hatari, bora kibaki butu. Kisu butu kinakulazimisha usukume, na kinachosukumwa kinateleza. Kama ni cha kukunja na hakina kufuli, kinaweza kukufungia vidole. Ndiyo Opinel wakatia ile pete ya kuzuia bapa mwaka 1955.

Vijana wao wanapima kwa kunyoa nywele za mkono. Hata ule uzi unanyoa. Chukua nyanya mbivu, weka kisu juu yake, kivute bila kukandamiza. Au elekeza ukingo kwenye taa: ukiona kijimstari cheupe kinang'aa, hapo ndipo palipo butu.

Ati chuma cha pua hakishiki kutu? Kawaambie wavuvi wa Malindi. Chuma hicho kina kromiamu isiyopungua kama asilimia 10.5, inayofanya utando wa kukikinga, na chumvi ya bahari inautoboa utando huo. Kutu inakula ukingo kabla ya bapa, kwa hivyo kisu kilichotupwa ndani ya ngalawa kinakuwa butu bila kukata kitu. Kisuuze kwa maji ya bomba, kikaushe, tia tone la mafuta pale kinapokunjikia.

La mwisho ni la Iddi Kubwa, watu wanapopanga foleni kwenye mashine za mawe makavu na kuhesabu ubora kwa wingi wa cheche. Mtume (S.A.W.) katuamrisha tunoe visu ili mnyama asiteseke, na kisu kilichoungua hakiyatimizi hayo: kinakata mbuzi wa kwanza, wa pili kinasuasua. Tizama ukingo kabla hujalipa. Ukiwa na rangi ya buluu, chuma kimefika joto la kama nyuzi 300 na ugumu wake pale umepungua. Kunoa juu juu hakutausaidia; itabidi sehemu yote yenye buluu isagwe iishe, taratibu, kwa maji, na kisu kitapungua upana.