Ugali unasingiziwa

Wengi wanaokuja kwangu hapa Kigoma kuomba ushauri wa kupunguza uzito huwa wameshaacha ugali kabla hawajaniona. "Dada, ugali siugusi kabisa, mbona kitambi hakiondoki?" Huwa nauliza kwanza anakunywa nini, na jikoni kwake mafuta yanamiminwaje.

Mawese yetu siyasemi vibaya. Yana karotini ambayo mwili huigeuza vitamini A, na dagaa wasio na mawese mimi mwenyewe siwataki. Lakini kijiko kimoja cha chakula cha mafuta, yawe mawese au alizeti, kina takriban kalori 120. Nani anapima? Dumu linainamishwa juu ya sufuria mpaka dagaa waogelee. Vijiko vinne vinakaribia kalori 500, na hizo zinazidi zilizomo kwenye gramu 100 za unga wa muhogo. Halafu inafunguliwa soda. Chupa ya mililita 350 huwa na sukari gramu 35 hivi, ilhali Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima akiweza abaki chini ya gramu 25 hivi kwa siku. Chai ya asubuhi bado hatujaihesabu.

Na kujinyima je? Kilo hushuka, kisha hurudi, na mtu anaambiwa hana msimamo. Mafuta ya mwilini hutoa homoni iitwayo leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994, inayoujulisha ubongo akiba iliyopo. Mafuta yakipungua haraka, leptini hushuka, njaa hupanda na mwili huanza kubana matumizi. Marekani walifuatiliwa watu 14 walioshiriki shindano la televisheni la kupunguza uzito. Matokeo yaliyotolewa 2016 yalionyesha kwamba miaka sita baadaye wengi wao walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya kilo, na miili yao iliunguza takriban kalori 500 kwa siku pungufu ya ilivyotarajiwa. Huo nao tuuite uvivu?

Yapo na mengine: kurithi, kulala kidogo, dawa kama steroidi na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili (usiziache mwenyewe, ongea na daktari). Na bodaboda! Mtu anakaa mitaa miwili tu kutoka soko la Mwanga, lakini miguu yake haiijui njia hiyo.

Kwa hiyo ugali naurudisha, robo ya sahani. Nusu iwe mboga, mchicha au sombe, na robo iliyobaki maharage, dagaa au mgebuka wa kuchoma. Mafuta yaingie sufuriani kwa kijiko. Kiu ikatwe kwa maji.

Mizani usiiabudu. Chukua kamba yenye urefu wako, ikunje katikati, izungushe kiunoni usawa wa juu kidogo ya kitovu, bila kuvuta tumbo ndani. Ncha zikikutana, uko vizuri. Zisipokutana, pima tena mwezi ujao, kabla ya kula.