Masega ya gari, jiko la mkaa na sumu isiyo na harufu

Fundi anasema nitoe masega kwenye ekzosi, eti gari litakuwa jepesi na wanunuzi wapo. Yana kazi gani?

Ndani ya lile kopo la chuma kuna kauri yenye vitundu vyembamba mfano wa sega la nyuki. Kuta zake zimepakwa oksidi ya alumini yenye vinyweleo vingi, na humo zimo oksidi ya seriamu pamoja na chembe za platinamu, paladiamu na rodiamu. Hivi ni vichocheo, yaani huharakisha mabadiliko ya kemikali bila vyenyewe kuisha. Kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu isiyo na harufu, na petroli isiyoungua hupewa oksijeni, zikawa kaboni dayoksaidi na mvuke wa maji. Oksidi za nitrojeni, zinazowatesa wenye pumu, hunyang'anywa oksijeni ikabaki nitrojeni ya kawaida. Oksidi ya seriamu ni ghala: hushika oksijeni ikizidi, huitoa ikipungua. Usiyatoe. Na kuyapasua kwa nyundo uani ni kosa la pili, maana vumbi na nyuzi zake huingia mapafuni.

Mbona asubuhi moshi unanuka hata yakiwemo?

Hayafanyi kazi mpaka yafike nyuzi 250 hadi 300 za Selsiasi. Basi usiwashe gari kwenye banda lililofungwa, wala chini ya dirisha la watoto.

Nini huyaua?

Plagi mbovu kwanza. Petroli isiyoungua huenda kuungulia ndani ya masega, kauri ikayeyuka na kuziba. Injini inayokula oili huyafunika kwa fosforasi. Njia za mawe za vijijini Kigoma hulibonda kopo. Likipoa, ligonge kwa mkono: likilia kama debe lenye kokoto, kauri imevunjika.

Nikiyafunga juu ya jiko la mkaa?

Hapana. Majivu yataziba vitundu, jiko likose hewa, na kaboni monoksaidi iongezeke. Upo mchanganyiko wa oksidi za manganizi na shaba unaoisafisha gesi hiyo bila joto kali. Hutumika kwenye vifaa vya kujiokolea vya wachimba migodi. Lakini unyevu huudhoofisha haraka, na masika ya Kigoma mnayajua. Jiko likae nje, au barazani penye upepo. Wengi husubiri mkaa uwe mwekundu ndipo waliingize chumbani, wakidhani moshi ukiisha na sumu imeisha. Ule mwali wa buluu juu ya makaa ni hiyohiyo kaboni monoksaidi ikiungua, na si yote inayoungua. Genereta ndogo ya dukani, isiyo na masega, iwe mita 6 au zaidi kutoka dirishani.

Nitatofautishaje sumu hii na malaria?

Huku kwetu kila kichwa kikiuma tunasema malaria, na hapo ndipo watu hupotea. Tazama haya: kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kuishiwa nguvu vimewapata wote waliokuwa chumbani kwa wakati mmoja, hakuna homa, na wakitoka nje hupata nafuu. Fungua milango, mtoe mgonjwa nje, kisha mpeleke kituo cha afya hata kama amezinduka. Mwambie mhudumu waziwazi kwamba kulikuwa na jiko au genereta ndani, kwa sababu kile kifaa cha kubana kidoleni kinaweza kuonyesha oksijeni ya kutosha ilhali damu imebeba kaboni monoksaidi. Katika hewa ya kawaida nusu ya sumu hutoka kwa saa 4 hadi 6; kwa oksijeni tupu ya barakoa, kwa saa moja hadi moja na nusu. Mjamzito asisubiri nafuu nyumbani: mtoto tumboni huumia zaidi ya mama.