Tambi za pilipili, na maneno ya mezani

Saa saba mchana, vibanda vya chakula karibu na soko la Malindi havina pa kutia mguu. Nilichukua sahani ya tambi zilizokaangwa kwa kitunguu, karoti na pilipili mbuzi, shilingi 150, nikabanana benchini na watu nisiowajua. Tambi nilizolelewa nazo ni za Ramadhani: sukari, iliki na tui la nazi. Hizi, tonge la tatu tu, machozi yakanitoka, na kila aliyekuwa mezani akageuka daktari.

"Kunywa maji, mwanangu," akasema mama aliyeketi mbele yangu. Nikamaliza gilasi nzima, ulimi ukazidi kuwaka. Kinachowasha ni kapsaisini, nayo kwa maji haiyeyuki ila kidogo mno. Mwenzake ni mafuta. Maji huizungusha tu kinywani. Kinachofaa ni maziwa, kwani yana protini iitwayo kaseini inayoishika kapsaisini na kuibandua ulimini. Chai ya moto ndiyo mbaya kabisa: pilipili huamsha neva zilezile zinazohisi joto la kuanzia nyuzi 43 hivi, ubongo ukadhani umeungua na ulimi ni mzima. Mpishi aliniletea kikombe cha maziwa lala kabla sijasema neno. Bila shaka sikuwa wa kwanza.

Jirani wa kulia: toa mbegu, ndizo kali. Sivyo. Ukali hutengenezwa kwenye ule utando mweupe ulioshika mbegu. Mbegu hupakwa tu.

Mzee mmoja yeye alishikilia kwamba pilipili ni ya mababu zetu wa pwani tangu kale. Shikamoo mzee, lakini mmea huu asili yake ni Amerika, na haukuvuka bahari mpaka baada ya safari ya Columbus ya 1492. Waliousambaza sana huku ni Wareno. Kwa hiyo Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498, sultani hakuwa na achari ya pilipili ya kumkaribishia. Iliyojulikana ni pilipili manga, ya India. Mgeni alipokuja akapewa jina la mwenyeji, na leo ukitaja pilipili tu, anayekuja akilini ni mgeni.

Na tambi, je, si za Waitaliano? Kwa mji uliojaa Waitaliano kama huu, kosa hilo nalielewa. Ila huko Lajia, China, lilifukuliwa bakuli la tambi lenye umri wa miaka 4,000 hivi. Wala si Marco Polo, yule msafiri wa Venisi aliyefika China, aliyezipeleka Italia: al-Idrisi, mwanajiografia wa Kiarabu, aliandika mwaka 1154, karne nzima kabla Polo hajazaliwa, kuhusu tambi zilizotengenezwa Sisilia na kupakiwa majahazini.

"Utapata vidonda vya tumbo!" Hili ndilo gumu kufa. Vingi husababishwa na bakteria Helicobacter pylori, au dawa za maumivu kama aspirini. Daktari Barry Marshall wa Australia, aliposhindwa kuwasadikisha wenzake kuhusu bakteria hao, aliwanywa mwaka 1984, tumbo likamvimba ndani; mwaka 2005 yeye na mtafiti mwenzake Robin Warren wakapewa Tuzo ya Nobel. Mwenye kidonda tayari, au kiungulia, pilipili yaweza kumtesa kweli, hapo sibishi.

La mwisho lilitoka kwa kijana mwenye shati la ofisi: bei hii na msongamano huu, lazima uchafu. Nikamwonyesha karai. Tambi zilitoka zikifuka moshi moja kwa moja hadi sahanini. Bakteria huzaana haraka kati ya nyuzi 5 na 60, kwa hiyo wa kuogopwa ni wali uliopikwa asubuhi ukalala kaunta hadi alasiri, hata kama kaunta yenyewe ni ya marumaru. Foleni ndefu hainyimi chakula usafi. Hukinyima muda wa kupoa. Mimi huangalia zaidi mikono ya anayepokea pesa: kama ndiyo ipakuayo, naondoka. Pale walikuwa watu wawili.

Alhamisi nilirudi. Maziwa lala nilinunua kwanza.