Dawa ya kuongeza damu si ya kila anayeitaka

Wengi wanaokuja dukani kuniomba dawa ya kuongeza damu hawajapima damu. Kizunguzungu kidogo, uchovu, jirani kamwambia "wewe huna damu", basi. Nikiuliza HB (kipimo cha wingi wa damu) imesoma ngapi, naonekana mfamasia msumbufu. Sawa, lakini swali silifuti, na sababu yangu kubwa iko Pemba.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti waliwapa watoto wadogo wa Pemba madini ya chuma, yaleyale yaliyomo kwenye dawa ya kuongeza damu, pamoja na asidi ya foliki kila siku. Chuma kilikuwa miligramu 12.5 tu, na nusu yake kwa wasiotimiza mwaka. Watoto walioandikishwa katika utafiti mzima walizidi 24,000. Kisiwa kilikuwa na upungufu mkubwa wa damu, hivyo matumaini yalikuwa makubwa vilevile. Agosti 2003 utoaji wa chuma ukasitishwa kabla ya wakati. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kuwa waliopewa chuma walilazwa au kufariki kwa asilimia 12 zaidi ya wasiopewa.

Maelezo yenye nguvu zaidi ni kwamba vimelea vya malaria na bakteria wengi nao wanakihitaji chuma ili wazaliane. Ndiyo maana mtu akipata maambukizi, ini lake hutoa homoni ya hepsidini, inayozuia chuma kisipenye kutoka utumbo kwenda kwenye damu. Mwili unawanyima wadudu chakula, sisi tunawapelekea kwa vidonge.

Lakini kulikuwa na kundi dogo la watoto waliopimwa damu mwanzoni na kufuatiliwa malaria yao kwa karibu. Humo, wenye upungufu wa damu na wa chuma kweli walinufaika. Kwa hiyo sisemi chuma ni sumu. Nasema pima kwanza.

(Mama mjamzito, vidonge vya kliniki usiviache kwa sababu yangu. Wewe umewekewa kipimo chako. Usijiongezee tu asidi ya foliki ya miligramu 5 kutoka dukani, maana kiasi hicho hupunguza nguvu ya SP unayomeza kujikinga na malaria.)

Chuma kikizidi, mwili hauna njia ya kukitoa. Hurundikana kwenye ini, moyo na kongosho. Wenye selimundu ndio nawahofia zaidi: HB yao iko chini kwa kuwa chembe nyekundu zinavunjika mapema, na walioongezewa damu mara nyingi tayari wana chuma tele. Bado ndugu huwanunulia sirapu za damu kwa mapenzi.

Halafu kuna watoto wanaookota vidonge vyenyewe, vyekundu na vitamu kwa nje. Kidonge cha miligramu 200 cha salfeti ya chuma kina takriban miligramu 65 za chuma halisi. Mtoto wa kilo 10 akila vidonge 10, amepata miligramu 65 kwa kila kilo yake. Kuanzia 60 tunahofia uhai wake. Atatapika na kuharisha, pengine damu, kisha anaweza kutulia kwa saa kadhaa. Usidanganyike na utulivu huo ukarudi naye nyumbani. Ini linaweza kuwa linaharibika muda huohuo.

Kuhusu vitamini, watu hunijibu kwamba zikizidi zinakojolewa. A na D hazikojolewi hivyo, hukaa mwilini: A nyingi huumiza ini na kuharibu maumbile ya mtoto tumboni, D nyingi hupandisha kalisi kwenye damu mpaka figo zikaumia. Hata B6, ambayo kweli hutoka kwa mkojo, ikizidi kwa muda mrefu huharibu neva. Mwaka 2023 Ulaya iliweka kikomo cha miligramu 12 kwa siku kwa mtu mzima, na vidonge vya neva tunavyouza hufika 100 au 200. Mtu anavimeza kutibu ganzi ya miguu, na B6 iliyozidi dalili yake ni ganzi ya miguu.

La mwisho ni kwa wanaotumia ARV zenye dolutegravir. Chuma na kalisi huishika dawa hiyo tumboni isifyonzwe. Meza ARV saa 2 kabla ya virutubisho hivyo au saa 6 baada yake. Ukitaka kuvimeza pamoja, iwe pamoja na chakula. Na kliniki wataje vyote unavyotumia, hata vile vya kwenye kopo ulivyoletewa na shemeji kutoka Dubai.